Amplifaya ya valvu ikivuma, usikimbilie valvu

Hapa Moshi, mtu akirithi amplifaya ya babu ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) na ikaanza kuvuma "mmmm", jibu huwa moja: valvu zimechoka. Anahangaika kuagiza mpya, anazichomeka, na mvumo uko palepale.

Mara nyingi mkosaji ni kapasita kubwa za kulainisha umeme. Ndani yake mna majimaji, na miaka arobaini ikipita hukauka. Umeme wetu ni hezi 50. Ukishageuzwa kuwa wa moja kwa moja (DC) unabaki na mawimbi ya hezi 100, ambayo kapasita nzima huyameza. Iliyokauka huyaachia yapite hadi kwenye spika. Na usidanganywe na sura: niliwahi kufungua moja haijavimba wala kuvuja, lakini ilishakufa kabisa.

Punguza sauti hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, anza na kapasita hizo. Ukipotea, tafuta huko mwanzo: waya wa kuingizia sauti, waya wa ethi, au valvu ya kwanza (hapo sawa, ilaumu).

Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na chanya isigeuzwe, ukigeuza italipuka.

Kabla hujagusa ndani, kuchomoa plagi pekee hakutoshi. Kapasita hizi zinaweza kubaki na volti 300 na ushee. Zimalize umeme taratibu kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye wati 5, halafu pima kwa mita. Bisibisi ya kupiga shoti, waachie wanaopenda cheche.