Siku 14 za Kusoma Jalada la Vita

Ibara ya 44 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita kati ya Tanzania na nchi nyingine. Wengi wakiisoma huishia hapo. Ibara ndogo ya pili inaendelea: nakala ya tangazo inapelekwa kwa Spika, naye, akishashauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, anaitisha Bunge ndani ya siku 14 ili wabunge waitafakari hali ya mambo na kuamua kama wapitishe azimio la kuunga mkono tangazo hilo au wasipitishe. Kwa hiyo siku ikifika, Mungu apishe mbali, sababu za vita zitapimwa hapa hapa Dodoma, katika jengo ambalo daladala za Nanenane zinapita mbele yake kutwa nzima.

Mimi nafundisha utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Vijana wanaotoka mikononi mwangu ndio wanaokwenda kukaa masjala, yaani ofisi ya kutunza barua na majalada, kufungua majalada, kupanga folio (karatasi zenye namba ndani ya jalada) na kukagua barua zinazoingia. Tangu vita vya Ukraine vianze, kila ninapotoa mhadhara wa wazi huulizwa swali lile lile kwa sauti tofauti: serikali zikisema kwa nini zinapigana, tuziamini? Jibu langu haliwapendezi wanaoziamini, wala wale walioapa kutoziamini kamwe. Sababu ya vita ni madai yaliyoandikwa na mtu, tarehe fulani, kwa kutegemea karatasi fulani. Yasomwe kama masjala inavyosoma barua.

Kwa nini mtu wa Bahi au Kongwa ahangaike na haya? Ugogo, yaani huku kwetu Dodoma, ina kumbukumbu yake. Wazee waliipa jina njaa kubwa iliyoanza 1917 na kuendelea hadi 1920: Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na hoja zake huko Ulaya, za Serbia na Ubelgiji, na hakuna aliyekuja Mvumi au Mpwapwa kuzieleza. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Kabla yao Wajerumani walishachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waliokuja baada yao wakachukua tena. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba ya kushika wala vijana wa kulima, na maelfu wakafa. Na vita ya juzi, ile ya Ukraine ya 2022, sote tuliilipia kwenye pampu ya mafuta, kwenye mfuko wa mbolea na kwenye dumu la mafuta ya kula, ingawa alizeti tunailima wenyewe.

Sasa tuingie masjala. Januari 28, 2003 Rais George W. Bush aliliambia Bunge la Marekani kwamba, kwa taarifa za serikali ya Uingereza, Saddam Hussein, Rais wa Iraki, alikuwa ametafuta barani Afrika urani nyingi, madini yanayoweza kutengenezea bomu la nyuklia. Miongoni mwa vitu vilivyokuwa vimeyapa nguvu madai ya namna hiyo ni nyaraka zilizoihusisha nchi ya Niger. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipozipata, halikuhitaji majasusi. Barua moja ilikuwa na tarehe ya Oktoba 2000, na chini yake sahihi kwa jina la waziri aliyeondoka kwenye wadhifa huo 1989. Jina, cheo, tarehe. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa stashahada angeirudisha barua hiyo kwa aliyeileta kabla hajamaliza chai. Machi 7, 2003 mkuu wa shirika hilo, Mohamed ElBaradei, alilitangazia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuwa nyaraka zile si halali. Vita vya Iraki vilianza Machi 20. Zilipita siku 13 ambazo ukweli ulikuwa mezani, umesomwa kwa sauti, na haukuzuia kitu.

Barua ya kughushi, hata hivyo, ni kosa rahisi kulikamata. Kinachonishughulisha zaidi ni kile kinachopotea njiani kati ya masjala ya siri na jukwaa la hotuba. Oktoba 2002 mashirika ya ujasusi ya Marekani yaliandika tathmini ya pamoja kuhusu silaha za Iraki. Ndani yake mlikuwa na ubishi wa wazi. Iraki ilikuwa inanunua mabomba ya alumini; wapo waliosema ni ya mashine za kurutubisha urani, lakini wataalamu wa Wizara ya Nishati, ambao kurutubisha urani ndiyo kazi yao, walisema hayafai kwa kazi hiyo, yanaelekea zaidi kuwa ya roketi za kawaida. Ofisi ya upelelezi ya Wizara ya Mambo ya Nje nayo iliandika pingamizi lake. Mwezi huo huo likatoka toleo la umma. Humo Wizara ya Nishati haikutajwa. Wapingaji wakawa "baadhi" tu, bila ofisi wala utaalamu wao. Na maneno ya tahadhari, ya aina ya "tunakadiria" na "kwa maoni yetu", yaliondolewa sehemu nyingi, makadirio yakasimama kama habari iliyothibitishwa. Aliyeliandaa toleo lile angeweza kuapa kwamba hakubuni lolote. Aliyesoma toleo hilo peke yake alikuwa amesoma jalada lililonyofolewa folio.

Uingereza, iliyopigana Iraki pamoja na Marekani, iliunda tume chini ya John Chilcot, na ripoti yake ilipotoka Julai 2016 iligusa hapo hapo: tishio la silaha za Iraki lilielezwa kwa uhakika ambao ushahidi haukuubeba. Miaka 13 ilikuwa imepita.

Ujanja huu haukuanza Baghdad. Julai 1870 Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prussia huko Ujerumani, alipokea simu ya maandishi kutoka Ems ikieleza mazungumzo ya mfalme wake na balozi wa Ufaransa. Aliifupisha, akawapa magazeti. Kilichobaki kikasomeka kama matusi kwa pande zote mbili, na ndani ya siku chache Ufaransa ikatangaza vita. Uzushi kamili pia upo: usiku wa Agosti 31, 1939 watu wa Hitler walivamia kituo cha redio cha Wajerumani wenyewe huko Gleiwitz wakijifanya Wapolandi, na asubuhi Ujerumani ikaivamia Poland. Lakini uzushi wa namna hiyo ni mchache. Serikali nyingi zenye bunge na magazeti huona mkasi unatosha.

Hapa ndipo msikilizaji mmoja huinuka na kusema, basi zote ni waongo, tumalize kikao. Hapana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, huku Kampala ikidai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia. Redio mbili, hadithi mbili. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alihutubia, na maneno yake kuhusu uwezo, sababu na nia yanakaririwa mpaka leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Katika hayo matatu, sababu ndiyo inayoingia masjala, na iliingia ikiwa na vielelezo. Wananchi wa Kagera walikuwa barabarani na mizigo yao, wakihama. Siku hizo hizo daraja la Kyaka likabomolewa. Na shahidi mkubwa kuliko wote alikuwa Amin mwenyewe: siku moja kabla ya hotuba ile alikuwa ameshatangaza kwamba eneo lote hadi Mto Kagera ni la Uganda. Mtu akikiri kwa kinywa chake tena akijisifu, karani huandika, hatafuti zaidi.

Niongeze jambo ambalo wenzangu wengine hawapendi nilitaje hadharani. Sababu ile ilithibitisha haki ya kumtoa mvamizi Kagera. Vita vilipofika Kampala, Aprili 11, 1979, lilikuwa limeshazuka swali jingine, la kama ni haki kuingia nchi ya mwenzako na kumwondoa mtawala wake, na katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika pale Monrovia, Julai mwaka huo, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliisema Tanzania waziwazi. Naamini Mwalimu alikuwa na majibu mazuri. Ila yalikuwa majibu ya swali la pili, na jalada la kwanza halikuyabeba. Vita vina tabia ya kurefuka huku sababu ikibaki ile ile ya siku ya kwanza.

Mwaka 2022 ulinipa mfano wa kinyume. Kwa wiki kadhaa Marekani ilisema Urusi inajiandaa kuivamia Ukraine, Moscow ikakanusha. Watu wengi makini, wakiikumbuka Iraki, wakacheka. Februari 24 mizinga ikaanza. Waliocheka waliangalia nani anasema wakasahau kuangalia anaonyesha nini. Safari hii picha za setilaiti za kampuni za biashara zilikuwa zinaonekana na yeyote, zikionyesha vikosi vikirundikana mpakani, na mtu asiye wa serikali yoyote aliweza kuzilinganisha wiki kwa wiki. Upande wa pili, Urusi ilitoa sababu kwamba Ukraine inafanya mauaji ya kimbari huko Donbas, mashariki mwa nchi hiyo. Machi 16 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika amri yake ya awali, ilisema haijaona ushahidi wa kuthibitisha tuhuma hiyo.

Kuhusu magrupu ya WhatsApp sitasema mengi. Asiyeiamini serikali halafu akaamini video isiyo na tarehe, isiyo na mahali wala mpigaji, amehama kutoka barua yenye kasoro kwenda karatasi isiyo na sahihi kabisa. Vipande vya mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 vimesambazwa mara nyingi kama mapigano halisi, na watu wakavililia.

Nirudi kwa wabunge na siku zao 14. Ibara ya 44 inataja nakala ya tangazo. Haisemi ni vielelezo gani vifuatane nayo, na kwa maoni yangu hapo ndipo mbunge apaaze sauti kabla ya kufika kwenye hoja ya uzalendo. Kilichotokea kimeonwa na nani asiyekuwa chini ya amri ya anayetangaza vita? Katika ofisi zetu zenyewe, nani aliandika dokezo la kupinga, na liko folio ya ngapi? Vielelezo vya siri vina chumba chake, kuna kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi na usalama, milango inafungwa. Siri inazuia kutangaza, haizuii mbunge mwenye dhamana kusoma. Nasema hivyo kwa sababu tathmini ile ya Marekani ya Oktoba 2002 iliwekwa mahali maseneta waweze kuisoma yote, pamoja na mapingamizi yake, na wachache sana walikwenda.

Kuna na lile tukio la Ghuba ya Tonkin. Agosti 2, 1964 boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani, Maddox. Hilo lilitokea kweli. Agosti 4 serikali ya Rais Lyndon Johnson ikatangaza shambulio la pili, na hilo halikutokea. Mabaharia walikuwa wakipambana na giza, mawimbi na alama za mitambo yao. Tukio la kweli lilikuwa limeshaandaa masikio kwa lile lisilokuwepo. Agosti 7, siku tatu baadaye, wawakilishi 416 wa Bunge la Marekani walilipigia azimio la vita kura ya ndiyo bila hata mmoja kukataa, na katika Seneti ikawa 88 kwa 2. Johnson akapata ruhusa ya kupigana atakavyo. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita vile, na Wavietnamu wengi mno kuliko hao. Utafiti wa mwanahistoria wa shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, uliokiri kwamba usiku ule hapakuwa na shambulio, uliwekwa wazi 2005.

Wawili waliokataa walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Azimio lenyewe lilifutwa Januari 1971. Wakati huo hakuna kati yao aliyekuwa bado Bungeni. Wapiga kura waliwaondoa wote wawili 1968.