Kompyuta ya mbali yenye jina lako: maana ya mgao wa kudumu

Katika ofisi ambayo kompyuta zote za wafanyakazi zimewekwa mahali pamoja, kile kisanduku kidogo kilicho mezani hakina kazi kubwa. Kinapokea picha ya skrini, kinapeleka mibonyezo ya kibodi na mwendo wa kipanya, basi. Windows yenyewe, programu na mafaili viko kwenye seva, pengine chumba cha chini cha jengo hilohilo, pengine kwenye kituo cha data Johannesburg. Seva moja kubwa hubeba mashine pepe nyingi, na kila moja hujiona ni kompyuta kamili yenye diski, kumbukumbu na jina lake kwenye mtandao.

Sasa mtu akiingia kazini asubuhi, apewe mashine ipi? Jibu moja ni yoyote iliyo wazi. Akitoka jioni inasafishwa, inarudi hali ya mwanzo, na kesho anaichukua mwingine. Jibu la pili ndilo mgao wa kudumu: mashine fulani inaandikiwa jina la mtu fulani, na kuanzia hapo haingii mwingine hata mwenyewe akiwa likizo mwezi mzima. Ile ya kwanza ni gesti. Hii ya pili ni chumba cha kupanga, unaondoka na ukirudi unakuta sufuria pale ulipoiacha, lakini kodi inahesabika hata usipolala.

Anayegawa ni seva dalali. Mfanyakazi akishaandika jina na nenosiri, seva hiyo huthibitisha kwanza kwa Active Directory, daftari la Microsoft la watumiaji na makundi ya ofisi, kwamba huyu ni nani na yumo kundi gani, kisha hutazama orodha yake ya mgao. Ikikuta jina lake mbele ya mashine nambari 27, inamfikisha huko. Mashine ikiwa imezimwa, inawashwa kwanza na mtu anasubiri kidogo. Jina lisipokuwepo, inategemea msimamizi alivyopanga. Kama ameruhusu mgao wa kiotomatiki, dalali huchukua mashine isiyo na mwenyewe, huandika jina, na yameisha. Kama msimamizi anagawa kwa mkono, mtumiaji ataambiwa tu kwamba hana mashine.

Mgao wa kiotomatiki unarahisisha kazi siku ya kwanza, lakini una kero yake. Mkuu wa idara anayeingia mara moja kuonja mfumo mpya, kisha akarudi kwenye kompyuta mpakato yake, ameshachukua mashine. Itakaa na jina lake miezi na miezi mpaka mtu apitie orodha na kulifuta. Ndiyo maana kwenye ofisi kubwa si ajabu kusikia mashine zimekwisha wakati nusu yake hazijawashwa tangu Ramadhani iliyopita.

Wazo lenyewe si geni. IBM ilipotangaza VM/370 mwaka 1972, kila mtumiaji alipata mashine pepe yake ndani ya kompyuta moja kubwa, akitumia humo mfumo mdogo ulioitwa CMS uliotengenezwa kuhudumia mtu mmoja kwa wakati. Mpangilio wa leo ni huohuo, ila skrini sasa ina rangi na picha, na seva inaweza kuwa nchi nyingine.

Wanaouza huduma hizi hawakuanzia sehemu moja. Azure Virtual Desktop ya Microsoft inakuachia uchague kati ya kundi la mashine za pamoja na kundi la mashine za binafsi. Windows 365, iliyotoka Agosti 2021, ilianza na wazo la mtu mmoja na kompyuta yake kwenye wingu, inayolipiwa kwa mwezi kwa bei isiyobadilika. Amazon WorkSpaces, iliyoanza kuuzwa 2014, nayo ilikuwa ya mashine kwa mtu. Mashine za pamoja ziliongezwa 2024, miaka kumi baadaye. Hilo si bahati mbaya. Mashine ya mtu mmoja ni rahisi kueleza, rahisi kuuza, na mteja haulizi maswali mengi.

Maswali huja baadaye, na mengi yanahusu utunzaji. Chukua ofisi ya watu 200. Kwa mashine za pamoja, msimamizi ana nakala mama moja. Anaisasisha, anaijaribu, kisha zote zinazaliwa upya kutoka kwake. Kwa mgao wa kudumu, mashine hizo 200 huzaliwa zikifanana, kisha kila moja inashika njia yake. Huyu ameongeza programu ya kusoma PDF, yule amekataa kuwasha upya wiki tatu, mwingine amejaza diski kwa picha za harusi ya dada yake. Mwaka ukiisha una kompyuta 200 tofauti, na kila sasisho linaweza kugoma kwenye chache kati yake, kila moja kwa sababu yake. Utahitaji mfumo wa kusimamia mashine mojamoja kama Intune, yaani kazi ileile uliyokuwa nayo zilipokuwa chini ya meza.

Gharama ya diski nayo haijifichi. Mashine 200 zenye diski ya GB 128 ni GB 25,600 zinazolipiwa mchana na usiku. Kwenye Azure, ukizima mashine na kuiachilia, malipo ya kichakata na kumbukumbu husimama. Ya diski yanaendelea.

Nani basi anastahili mashine yenye jina lake? Mwandaaji wa programu, bila ubishi: anaweka hifadhidata za majaribio, anabadilisha mipangilio ya ndani, anahitaji haki za msimamizi, na hayo yote yakifutwa kila jioni kesho yake hafanyi kazi. Mhasibu ambaye leseni ya programu yake imefungwa kwenye mashine moja. Mhandisi anayechora kwa programu nzito inayodai kadi ya michoro. Wa kituo cha kupokea simu, wanaofungua programu zilezile tatu kwa zamu, hawaihitaji.

Kati ya makundi hayo wapo wengi wanaosema wanaihitaji kumbe wanachotaka ni vitu vyao tu: alama za kivinjari, sahihi ya barua pepe, picha ya watoto kwenye skrini. Hivyo havihitaji mashine ya kudumu. FSLogix, kampuni iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2018, ilileta njia ya kuweka wasifu mzima wa mtumiaji, yaani mipangilio na vitu vyake vyote, kwenye faili moja la diski pepe linalounganishwa anapoingia, mashine iwe yoyote. Kwake yeye kila kitu kipo. Kwa msimamizi, mashine bado ni ya pamoja. Kwa maoni yangu, mgao wa kudumu mara nyingi huombwa kwa mazoea ya kusema "kompyuta yangu", na ni halali kumwomba mtu aonyeshe ni kitu gani hasa kitapotea.

Tusidhani pia kwamba kuwa na mashine yako kunakukinga na mtandao. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Mashine iliyo nje ya nchi huendelea kuwaka wakati kama huo, hata majedwali yakiwa wazi, ila mwenyewe haioni.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni mtu anapoacha kazi. Kufuta jina lake kwenye orodha ya mgao hakufuti diski. Mafaili aliyohifadhi humo, nywila zilizobaki kwenye kivinjari na programu alizoweka mwenyewe vinamsubiri atakayepewa mashine hiyo baada yake. Kwa hiyo usimkabidhi mgeni mashine iliyotumika kwa kubadilisha jina tu. Hamisha kwanza mafaili ya ofisi, futa mashine pamoja na diski yake, unda nyingine kutoka nakala mama, ndipo uiandike jina jipya.