Lithiamu Inayozaliwa Njiani

Kwa sisi tunaochunguza nova, lithiamu ilibaki fumbo kwa miaka mingi, kwa sababu kiini chake huvunjwa na protoni katika joto la takriban digrii milioni 2.5 tu, ilhali mlipuko wa nova hupita digrii milioni 100. Yawezekanaje tanuri linalopaswa kuiteketeza ndilo liizalishe?

Nova hutokea pale nyota kibete nyeupe, yaani masalio ya nyota yenye uzito unaokaribia ule wa Jua lakini yaliyobanwa yakawa na ukubwa wa Dunia, inapofyonza hidrojeni ya nyota mwenzake. Hidrojeni hiyo hurundikana juu yake hadi tabaka la chini liwake kinyuklia. Gesi ya kawaida ikipata joto hutanuka na kupoa. Hii imebanwa mno hata shinikizo lake halitegemei joto, hivyo moto huchochea moto mpaka tabaka hilo lirushwe angani. Kibete chenyewe husalia, tofauti na supernova ya aina ya Ia, inayokisambaratisha chote na kutawanya chuma kwa wingi.

Jibu la fumbo ni beriliamu-7, aina isiyodumu ya elementi beriliamu (namba huonyesha jumla ya protoni na neutroni katika kiini). Heliamu-3 huungana na heliamu-4 kuiunda, kisha msukosuko wa gesi inayotokota huipandisha upesi hadi tabaka za nje zenye joto dogo, kabla haijaharibiwa. Huko kila kiini hunasa elektroni moja na kugeuka lithiamu-7, na kila siku 53 nusu ya kilichobaki huwa kimegeuka. Lithiamu huzaliwa njiani, moto ukiwa umeshaachwa nyuma. Alastair Cameron na William Fowler walieleza njia hii mwaka 1971, ingawa wao walikuwa wakifikiria nyota jitu nyekundu.

Ushahidi ulitoka kwa nova V339 Delphini, iliyoonekana Agosti 2013. Akito Tajitsu na wenzake, wakitumia darubini ya Subaru kileleni Mauna Kea, Hawaii, walikuta alama za beriliamu-7 katika mwanga wa urujuanimno wa nanomita 313, karibu na kikomo ambacho angahewa huruhusu kupita. Kinachonivutia zaidi ni umakini wa kipimo chenyewe: alama za beriliamu-7 na za beriliamu-9 ya kawaida hutofautiana kwa sehemu ndogo sana ya nanomita moja, nao wakaweza kuzitenganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, mwaka uleule ambao kundi jingine liliripoti alama ya lithiamu yenyewe katika nova V1369 Centauri.