Mavuo yasiyolengwa

Mavuo yasiyolengwa ni kiumbe chochote kilichonaswa na zana iliyotegewa kingine. Kwa mvuvi wa Ggaba au Kasenyi, mialo ya Ziwa Victoria nchini Uganda, mfano wa karibu ni fisimaji: wavu wa sangara umetegwa jioni, alfajiri unatoka na fisimaji aliyekufa maji. Baharini mkasa huo humkuta pomboo, na jamaa yake mdogo mwenye pua butu. Wote hupumua hewa. Wavu hauwaui kwa kuwajeruhi, unawazuia kupanda juu.

Sasa, pomboo husoma mazingira yake kwa mwangwi wa sauti. Iweje asiutambue wavu? Nailoni nyembamba iliyolowa hurudisha mwangwi hafifu mno. Maboya na chubwi anazipata vizuri, ila nafasi iliyo katikati yake anaweza kuiona njia. Akiwa anafukuza samaki, ndiyo kabisa.

Dawa iliyopimwa zaidi ni vifaa vya mlio vinavyofungwa kwenye kamba ya wavu. Kwa kanuni za Marekani, kila kimoja hulia kwa kilohetsi 10, theluthi ya sekunde hivi, kila baada ya sekunde 4, na hupangwa mita 91 kutoka kingine, ncha zote mbili zikiwemo. Wavu wa mita 900 basi unataka vifaa 11. Jaribio la mwaka 1994 katika Ghuba ya Maine lilinasa wale wa pua butu 2 kwenye nyavu zenye mlio, na 25 kwenye nyavu zenye vifaa visivyolia, idadi ya mitego ikikaribiana. Udhaifu uko kwenye betri: moja ikifa katikati, unabaki mwanya wa mita 180 kimya, nao huonekana kama mlango. Tena sili hujifunza kuwa mlio ni mwito wa chakula.

Njia ya bei nafuu ni kushusha wavu wa jodari mita 2 chini ya uso wa maji, kama walivyojaribu Pakistani. Lakini kwa vakita, aina ya wale wa pua butu iliyoko Meksiko tu, waliobaki takriban 10, nyavu za kunasa hazina budi kuondolewa kabisa.

Ukubwa wa macho ya wavu haumsaidii pomboo. Ziwani Victoria ndio unaomnusuru sangara mchanga: inchi 7, ukipima jicho lililovutwa, fundo hadi fundo. Fisimaji yeye hawindi mbali na ufuko; usitege karibu na mafunjo na miamba.