Sehemu ya petroli huyeyuka ndani ya maji

“Mafuta na maji havichanganyiki.” Kwa imani hiyo, wengi hudhani petroli iliyovuja kituoni hubaki juu tu, na tangi likishang’olewa hatari imekwisha. Sivyo.

Sehemu kubwa huelea kweli, lakini baadhi ya viambato huyeyuka na kusafiri na maji ya chini ya ardhi. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vilivyoupatia karibu nusu ya maji yake, baada ya kukutwa na MTBE, kiongezeo cha petroli.

Kunusa hakutoshi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha benzeni, kiambato cha petroli kinachosababisha saratani ya damu, kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Harufu yake majini huanza kusikika kwenye takriban miligramu 10, yaani mara 1,000 zaidi!

Ndiyo maana huchimbwa visima vya uchunguzi, upande maji yanakotoka na yanakoelekea, na sampuli huchukuliwa kwa miaka. Mvua zikiinua maji hadi kwenye udongo ulionyonya mafuta, benzeni huweza kuyeyuka upya, hivyo sampuli moja safi ya kiangazi isimridhishe mtu. Hata chupa hujazwa pomoni bila kuacha nafasi ya hewa, maana benzeni hupaa upesi na maabara ingepima pungufu.