Shauku ya kiroho: maana yake, na kwa nini si sawa na mihemko

Panda matatu ya Kondele, hapa Kisumu, Jumapili asubuhi, hutakosa kusikia maneno kama haya: "Yule dada wa kwaya siku hizi amepoa." "Amepoa kabisa, na vile alikuwa moto!" Hakuna anayeuliza ni moto gani. Abiria wote wameelewa. Dada haonekani tena kwenye kesha, haruki wakati wa sifa, na akiwekewa mikono haanguki. Pengine saa hiyo yuko nyumbani anamwogesha mama mkwe aliyepooza, lakini hilo halimo kwenye kipimo.

Huo moto ndio unaoitwa shauku ya kiroho, na mimi naona tumeutwika jina ambalo si lake.

Tuanze na neno lenyewe. Shauku limetoka kwenye Kiarabu, shauq, na maana yake ni hamu ya kitu au mtu ambaye hayupo karibu. Ndani ya neno hilo kuna umbali. Aliyesafiri huonewa shauku. Aliyekaa nawe mezani anakula ugali na omena hahitaji kuonewa shauku, labda atakapoondoka. Ndiyo sababu washairi wa mapenzi wa pwani wamelitumia sana. Nayo Biblia ya Kiswahili imelitumia mahali pazuri, Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji, vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu." Ayala ni mnyama wa jamii ya kulungu. Hebu mtazame. Haruki, hapigi kelele, hana kipaza sauti. Ana kiu, na anajua kinachomkosesha raha ni nini. Basi maana ya kwanza ya shauku ya kiroho ni hiyo: kumkosa Mungu, na kujua kwamba ndiye unayemkosa.

Juhudi ni jambo jingine. Juhudi ni unachokifanya, uwe na kiu au usiwe nayo. Paulo alipowaandikia Warumi kuhusu ndugu zake Waisraeli alisema wana juhudi kwa ajili ya Mungu, "lakini si katika maarifa", na alijua anachosema, maana yeye mwenyewe alilitesa kanisa kwa juhudi hiyohiyo. Kisha kuna wivu, neno ambalo huwachekesha watoto wa Sunday school kila wanapofika Yohana 2 na kusoma "wivu wa nyumba yako utanila". Huo si wivu wa jirani aliyenunua pikipiki. Ni uchungu wa mtu anayeona kitu anachokipenda kikichezewa, na ndio uliomfanya Yesu apindue meza za wavunja fedha.

Mihemko nayo ni mambo ya mwili: machozi, mtetemeko, nywele kusimama. Simo katika wale wanaoibeza. Mwili umeumbwa na Mungu yuleyule. Ila mwili hauchagui sana. Besi ya spika kubwa itautetemesha, awe anayeshika gita ni mtakatifu au tapeli, na hata mimi benga, muziki wa gita wa huku kwetu, ikipigwa vizuri nywele husimama, wala sijaongoka.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya ugomvi kati ya kiu na mihemko ni wa zamani. Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Kanisa la Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Vihiga. Ibada ya Marafiki, kwa asili yake, ni kukaa kimya na kumngoja Roho. Kichekesho ni kwamba jina la utani walilopewa Uingereza katika karne ya 17, Quakers, maana yake ni watetemekaji. Waliokuwa wakitetemeka walikuwa wameshatulia, wamejenga shule na hospitali, wana taratibu. Halafu mwaka 1927 mmoja wa wale watatu, Arthur Chilson, akahubiri pale Kaimosi juu ya Roho Mtakatifu, na watu wakaanza kulia, kuungama dhambi mbele za wote na kunena kwa lugha. Viongozi wa misheni wakaingiwa na hofu. Wakakataza. Walioguswa wakaishia nje, na kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho tunayoyaona hadi leo. Miaka kumi na mitano baadaye, 1942, Zakayo Kivuli, aliyetoka kwenye misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, akaanzisha African Israel Church Nineveh. Ukikutana na waumini wake barabarani Jumapili, kanzu nyeupe, bendera na ngoma, wakitembea kwa mwendo ambao lazima mguu wako uufuate, utajua kwamba kutetemeka hakukukatazika.

Upande wa Nyanza mambo hayakuwa tofauti. Uamsho ulioanzia Rwanda uliingia Kenya mwaka 1937, na ulipofika kwa Wajaluo wa Anglikana ukaleta mgawanyiko kati ya Joremo, watu wa damu ya Yesu, na Johera, watu wa upendo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Johera wakatoka na kuanzisha kanisa lao. Ari ilikuwa nyingi pande zote mbili, haikuwazuia kuachana. Ila uamsho ule ulikuwa na desturi moja ambayo natamani ingerudi: aliyesema ameokoka alitarajiwa kurudisha alichoiba. Mtu alipeleka jembe kwa mwenyewe, au alikwenda kwa mwenye duka na pesa za sukari aliyoichukua miaka iliyopita. Hakuulizwa alisikia nini kifuani.

Mimi nilijua tofauti hii kwa njia ya aibu. Nikiwa na miaka kumi na saba kulikuwa na mkutano wa injili wa siku tatu uwanjani. Siku ya mwisho nilikimbia mbele, nikalia mpaka shati likalowa, na nilipofika nyumbani nikakusanya kanda zote za rumba na kuzitumbukiza chooni. Kasoro moja tu: hazikuwa zangu, zilikuwa za binamu yangu. Wiki nne hivi niliamka saa tisa usiku kuomba kwa sauti, nikiwanyima watu usingizi na kuwaita walegevu. Mwezi wa tatu nilikuwa sokoni Luanda, ile ya Vihiga, naulizia kanda zilezile, bei yake ni ngapi. Vijana wa leo wangesema nilikuwa na nguvu ya soda. Binamu hajanilipisha, ila kila tukikutana Krismasi ananiuliza kama choo bado kinacheza Franco, yule mwanamuziki wa rumba wa Kongo.

Katika nyumba hiyohiyo alikuwepo nyanya, Mrafiki wa kuzaliwa. Kila alfajiri alikunja gunia la mahindi mara mbili, akaliweka kando ya kitanda, akapiga magoti. Aliwaombea watu kwa majina, mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule, wajukuu wakianza na aliye mbali zaidi. Ukiwa umelala chumba cha pili ungeweza kujua saa kwa kusikia amefika jina gani. Asubuhi moja nilimsikia akianza tofauti. Alisema, kwa Kiluhya: leo sina hamu, lakini nimekuja. Kisha akaendelea na majina, hakuruka hata moja.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile nyanya hakuwa na shauku. Siku hizi nadhani nilichokisikia kilikuwa shauku iliyovuliwa mihemko yote. Hana hamu, na anajua kwamba hana, na anamweleza anayemkosa. Ayala hafiki mtoni kila siku.

Waislamu wana maneno mazuri kwa jambo hili. Iko hadithi ya Mtume, yaani maneno yaliyopokewa kutoka kwake, isemayo kwamba kila amali, kila tendo, ina shirra yake, yaani makali ya shauku, na kila shirra ina fatra yake, kulegea. Ukitaka kuiona kwa macho, nenda msikiti wowote mjini Kisumu mwezi wa Ramadhani. Usiku wa kwanza wa tarawehe, ile sala ya usiku ya mwezi huo, safu zinafika mlangoni na viatu vimejaa nje. Kufika usiku wa kumi na tano unaweza kuchagua pa kusimama. Kumi la mwisho, zile siku kumi za kumalizia, likiingia, watu wanarudi. Hadithi hiyo haimlaumu aliyelegea. Inauliza amelegea kuelekea wapi, bado yumo ndani ya mwendo wa Mtume au ametoka kabisa. Na ile nyingine mashuhuri, iliyopokewa kutoka kwa Bi Aisha, mke wa Mtume, inasema amali inayompendeza zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Ukavu huo unaweza kuwa mrefu kuliko tunavyodhani. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu nusu karne hakuhisi uwepo wa Mungu. Wako waliosoma wakasema basi alikuwa akiigiza. Mimi nikisoma kilio kile naona mtu mwenye shauku kupita kiasi. Asiyemtaka Mungu haandiki barua kulalamika kwamba Mungu amenyamaza.

Limebaki swali ambalo vijana huniuliza sana: je, shauku yangu binafsi, ya mpira, ya kushona, ya kufuga kuku, ina nafasi yoyote hapo, au ni ya kutupwa chooni pamoja na kanda? Wahubiri wengi hujibu haraka kwamba dunia ni dunia. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, hakina haraka hiyo. Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake, na kazi anayopewa si kuhubiri. Ni kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga mbao. Roho ilimkuta na mikono yake, haikumwomba aiache mlangoni. Hatari iko pale ambapo kitu unachokipenda kinakuwa mto wenyewe, nawe husikii tena kiu. Huko sitakwenda sana, kila mtu anajua pake.

Namjua fundi mmoja anayetengeneza ngoma za makanisa. Ngozi ya ng'ombe anailoweka, anaivuta juu ya gogo lililochimbwa, anaifunga kwa kamba za ngozi hiyohiyo, kisha anaiacha juani. Kila baada ya muda anatoka, anaigonga kwa kidole, anainamisha sikio, anakaza kamba moja, anarudi ndani. Jumapili haonekani kwenye maandamano, mguu wake mmoja ni mbovu. Anakaa kibarazani akiwasikia wakipita mbali, na anaweza kukwambia ngoma ipi kati ya zile imelegea na itarudishwa kwake Jumatatu.