Kupima utendaji wa moyo uliowekewa pampu

Unaweza kumshika kifundo cha mkono mtu aliyewekewa pampu ya moyo usihisi mapigo yoyote, naye ameketi anazungumza nawe. Pampu za siku hizi husukuma damu mfululizo. Huifyonza kutoka chumba cha chini cha kushoto cha moyo na kuipeleka kwenye aota, mshipa mkuu wa kusambaza damu mwilini. Kwa sababu hiyo mashine ya kawaida ya presha mara nyingi haisomi kitu, na wauguzi hutumia kifaa cha Dopla, kinachotambua mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, kusikiliza damu ikirudi mkononi.

Basi kuupima moyo kama huu maana yake nini? Ni kutenganisha kazi ya moyo wenyewe na kazi ya pampu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kipimo kilichozoeleka ni asilimia ya damu ambayo chumba cha kushoto hutoa kila kikijikaza. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa 55 au zaidi. Pampu ikiwa ndani, asilimia hiyo hupotosha, kwa kuwa chumba kinafyonzwa muda wote, hata kinapolegea. Hata lita zinazoonekana kwenye skrini ya pampu kwa kawaida ni makadirio yanayotokana na umeme unaotumika na kasi ya mzunguko.

Kwa hiyo daktari anayepima kwa eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, huangalia mengine: upana wa chumba, kama vali ya aota (mlango wa damu kutoka chumba hicho kuingia aota) inafunguka, na ukuta unaotenganisha kushoto na kulia umeelekea wapi. Ukivutwa kushoto, huenda pampu inafyonza kupita kiasi. Ukisukumwa kulia, huenda haifyonzi vya kutosha.

Upande wa kulia, kwa maoni yangu, ndio unaosahaulika zaidi. Pampu ya kushoto haiusaidii, na bado ni lazima uvushe damu yote kupitia mapafu ili pampu ipate cha kusukuma. Ukichoka, miguu na tumbo huvimba. Shinikizo lake hupimwa kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni.

Na je, moyo umepata nafuu? Kasi ya pampu hupunguzwa hatua kwa hatua huku eko ikiendelea, baada ya kuhakikisha dawa za kuzuia damu kuganda zinafanya kazi. Wapo wachache ambao moyo wao huhimili kipimo hicho vizuri kiasi kwamba pampu hutolewa.